Jina la Aliyemwokoa Makunga

Sogeeni karibu. Hadithi hii ina watu watatu na zawadi moja, na zawadi yenyewe haikatiki vipande. Naomba jambo moja tu: mwenye jibu alizuie mdomoni mpaka nimalize, kwa kuwa ni neno moja lililotoka haraka ndilo lililozaa ugomvi ninaokwenda kuwasimulia.

Kiwanda cha sukari cha Mlalambe kina milango miwili mikubwa. Mlango wa mashariki unaingiza miwa, mlango wa magharibi unatoa magunia. Katikati ya milango hiyo kuna vinu, kuna matangi, kuna mvuke, na kuna umeme. Umeme wa Mlalambe hauletwi na nguzo kutoka mbali. Unazaliwa palepale: makapi ya miwa yanachomwa, maji yanachemka, mvuke unazungusha mtambo, na mtambo unatoa umeme wa kuwasha mji mzima. Umeme huo wote hupitia chumba kimoja chenye makabati kumi na mawili ya chuma, yamesimama mstari mmoja kama askari, kila moja na namba yake kifuani.

Kiwandani hapo walikuwepo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Tabu. Aliitwa hivyo kwa sababu mama yake alimzaa kwa shida ya siku mbili. Kipaji cha Tabu kilikuwa sikio. Alikaa chumba cha kuongozea mitambo, ukuta mmoja na yale makabati, na katikati ya ngurumo ya vinu aliweza kusikia nati moja iliyolegea. Wenzake walipotaka kusengenya, walitoka nje kabisa, wakavuka barabara, na bado walinong'ona.

Wa pili ni Riziki, mtunza stoo. Kabla ya kuajiriwa alikuwa fundi cherehani, na kipaji chake kilikuwa mkono. Ndiye aliyetunza vazi nene la kukinga moto ambalo fundi wa umeme hulivaa mbele ya kabati: suruali, koti, glavu, na kofia ya kitambaa inayofunika kichwa chote na kuacha kioo usoni. Mafundi waliliita godoro. "Leo nani analala kwenye godoro?" walitaniana, maana ukilivaa jasho linakutoka hadi kwenye viatu. Riziki alilifua kwa sabuni yake maalumu, akalianika kivulini, akalikagua mshono kwa mshono. Na ufunguo wa chumba cha makabati ulikaa kwake, umening'inia palepale godoro liliponing'inia. Hukupata kimoja bila kingine.

Wa tatu ni Sikujua. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kukata tamaa ya kupata mtoto, mimba ilipoonekana, mama akasema "Sikujua!", na jina likabaki. Kipaji chake kilikuwa subira. Kila kabati lina kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita rilei. Kazi ya rilei ni kulinda: ikiona umeme umeacha njia yake, inaamuru swichi ikate. Lakini rilei nayo huzeeka. Inachelewa kuona, inachelewa kuamuru. Kila msimu wa kusaga ulipokwisha, wenzake walipokwenda likizo, Sikujua alibaki peke yake akizipima rilei kumi na mbili, moja baada ya nyingine, akirudia na kurudia. Hakuna aliyemwona akifanya kazi hiyo. Hata kwenye orodha ya chai ya wafanyakazi aliandikwa "yule wa rilei."

Watatu hawa walikuwa marafiki. Chakula cha mchana walikula sahani moja. Tabu alileta mboga, Riziki alileta samaki, Sikujua alileta maharage ya shambani kwake, na yeyote aliyechelewa aliwekewa.

Sasa niwaeleze kuhusu Makunga, maana bila yeye hakuna hadithi.

Makunga alikuwa fundi umeme mwepesi wa mkono na mwepesi wa mdomo. Alipendwa na wote. Mkewe, Zuwena, alikuwa amekaa miaka minane bila mtoto, na katika mwaka ninaousimulia alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Makunga alikuwa na msemo wake. Ukimwona ameinamia mtambo unaozunguka ukamwambia, "Kaka, hatari hiyo," atakujibu, "Sigusi. Natazama tu."

Natazama tu. Kumbukeni neno hilo.

Kwa sababu umeme mkubwa una namna mbili za kuua, na watu wengi wanaijua moja. Wanajua kwamba ukiugusa unakutupa. Hawajui kwamba hata usipougusa unaweza kukufuata. Mafundi wa Mlalambe waliiita radi ya ndani. Umeme unaruka kutoka chuma hadi chuma, na hewa iliyo katikati inageuka moto. Si moto wa jikoni. Shaba inayeyuka, inachemka, inakuwa mvuke. Mwanga unapofua macho, kishindo kinapasua masikio, mlango wa chuma unang'oka kama kifuniko cha sufuria. Anayechomwa si lazima awe amegusa. Inatosha awe amesimama karibu, anatazama tu.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Kinu cha pili kikasimama ghafla. Nje, matrekta ya miwa yakaanza kupanga foleni hadi shuleni. Ikaonekana kasoro iko ndani ya kabati namba saba.

Sheria iko ukutani, kwa herufi nyekundu: zima, pima uhakikishe hakuna umeme, ndipo ufungue. Lakini kuzima namba saba ni kusimamisha vinu vyote saa nzima. Msimamizi wa zamu akatazama foleni, akatazama saa yake. Hakusema "Fungua." Alisema, "Sasa jamani, tutafanyaje?" na hilo lilitosha.

"Nipeni dakika tatu," Makunga akasema. "Sigusi. Natazama tu."

Akaenda stoo kuchukua ufunguo.

Riziki akaushika ufunguo kwa mkono mmoja na godoro kwa mkono wa pili. "Vaa."

"Kaka Riziki, dakika tatu tu! Nikivaa hilo dude, kuvaa peke yake ni dakika tano."

"Basi una dakika nane. Vaa."

"Foleni imefika shuleni!"

"Hata ifike mochwari. Vaa. Na kofia pia. Usinibebee kofia kwapani kama mkoba."

Makunga akavaa huku akitukana kwa heshima. Alipogeuka kuondoka, Riziki akamvuta nyuma. Aliona uzi umelegea chini ya kidevu, mahali kofia inapokutana na koti, mwanya wa upana wa kidole. Akachukua sindano na uzi usioshika moto, akashona hapohapo, Makunga akiwa amesimama, akipumua kama ng'ombe ndani ya kile kitambaa. Kisha akampa ufunguo.

Hiyo ni kazi ya Riziki: alimpa nguo.

Tabu alikuwa kwenye kiti chake. Makunga akafungua chumba, akafungua mlango wa namba saba, akaingiza kichwa. Vinu vinanguruma, matrekta yanapiga honi, msimamizi anapiga simu. Na Tabu, ng'ambo ya ukuta, akasikia kitu chembamba kama mafuta yanapoanza kuchemka kwenye kikaango kabla hujatia kitunguu. Tsss. Hakungoja kukielewa. Akapiga dirisha la kioo la ukuta huo kwa kiganja, akapaza sauti iliyovuka vinu vyote:

"Makungaaa! Rudi nyuma!"

Makunga akatoa kichwa. Akarudi hatua moja, akarudi ya pili, akiwa anageuka kuuliza, "Nini tena, dada?"

Hakumaliza swali. Radi ikazaliwa pale kilipokuwa kichwa chake.

Hiyo ni kazi ya Tabu: alimpa hatua mbili.

Na Sikujua? Sikujua siku hiyo alikuwa na mapumziko. Alikuwa shambani kwake, ameinama, anapalilia maharage, hana habari. Lakini miezi saba kabla ya Ijumaa hiyo, kiwanda kikiwa kimelala, alikuwa ameipima rilei ya kabati namba saba. Mara ya kwanza ilikuwa nzima. Mara ya pili ilikuwa nzima. Mtu mwingine angeandika "nzima" na kwenda kunywa chai. Yeye alipima mara ya tisa, na mara ya tisa ikachelewa. Badala ya kukata umeme kabla ya jicho kupepesa, ilikaa sekunde mbili nzima ikifikiri. Akaing'oa. Akaomba mpya, akazungushwa wiki tatu, akaomba tena, akaipata, akaifunga, akaipima mara tisa nyingine. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Ijumaa ile, radi ilipozaliwa, rilei ile mpya iliiona na kuiua kabla jicho halijapepesa.

Hiyo ni kazi ya Sikujua: alimpa muda.

Moshi ulipopungua walimkuta Makunga amekaa chini, mgongo ukutani, kama mtu aliyechoka kungoja basi. Godoro lilikuwa jeusi mbele. Mlango wa kabati ulikuwa umelala upande wa pili wa chumba. Mikono yake iliungua ndani ya glavu, sikio moja likawa halisikii, lakini uso ulikuwa uso na pumzi ilikuwa pumzi. Akasema, "Sikugusa, jamani. Wallahi sikugusa." Kisha akazimia.

Baada ya wiki mbili alikuja mkaguzi kutoka mjini. Akapima chumba kwa futi, akapima nguo, akasoma kumbukumbu ya rilei. Akawaambia wafanyakazi wote, wamekusanyika uwanjani:

"Nguo hii inastahimili moto wa kiasi fulani. Angekuwa hatua mbili mbele, isingestahimili. Angekuwa hapohapo aliposimama lakini bila nguo, au mshono wa shingoni ukiwa wazi, angekufa. Na angekuwa na nguo, na hatua mbili zake, lakini moto ukae sekunde mbili, angekufa vilevile. Umbali, nguo, muda. Ondoa kimoja, mnazika. Lakini kitu cha nne hapa ni uzembe, na huo ni wenu wote. Kabati lile lilitakiwa lizimwe."

Mngedhani maneno hayo yalitosha kuwapatanisha watu. Lakini mkaguzi alichelewa. Neno lingine lilikuwa limekwisha kusemwa hospitalini.

Ilikuwa siku ya tatu baada ya ajali. Makunga amefungwa bandeji mikono yote. Zuwena ameketi kitandani, mkono tumboni. Tabu yuko miguuni pa kitanda, Riziki dirishani, Sikujua ameegemea mlango. Zuwena akawatazama, macho yakamjaa machozi, akasema:

"Nikijaliwa kumzaa mtoto huyu, wa kike au wa kiume, nitampa jina la aliyemwokoa baba yake."

Aliyemwokoa. Angesema "waliomwokoa", hadithi ingeishia pale pale kitandani. Lakini ulimi wa mwenye furaha haupimi silabi. Alisema aliye, na aliye ni mmoja. Watu watatu wakatabasamu kwa wakati mmoja, na kila mmoja akashukuru kimoyomoyo kwa ajili yake peke yake.

Pale Mlalambe, jina la mtu si jambo dogo. Mtoto akipewa jina lako, wewe na yeye ni masomo, watu wa jina moja. Siku ya saba anapotolewa nje, somo ndiye anayempokea mlangoni na kumtamkia jina sikioni mara tatu. Toka hapo hamwitani tena kwa jina; yeye anakuita somo, wewe unamwita somo, mpaka mmoja wenu afukiwe. Siku ya harusi yake unakaa mbele ya wajomba.

Tabu hakuwahi kuzaa. Alifikiri: hatimaye kutakuwa na mtu duniani atakayebeba kitu changu.

Riziki alikuwa na mabinti saba, na wote saba walipewa majina na wakwe zake. Alifikiri: hatimaye kutakuwa na Riziki mwingine.

Sikujua alifikiri: hatimaye wataandika jina langu.

Ugomvi ulianzia kwenye sahani. Tabu alipakua wali, akasema kwa sauti laini, "Nimeshanunua kitenge cha kumpokelea mtoto. Cha njano."

Riziki akaacha kutafuna. "Kumpokelea wewe kama nani, dada?"

"Kama somo wake."

"Alaa! Kwa lipi? Ulipiga kelele. Hata kuku hupiga kelele akiona mwewe."

"Na wewe ulimvisha koti. Hata msumari wa ukutani unavaa koti, kaka, na hatujauita shujaa."

"Bila koti langu ungemwita nani? Ungeita majivu!"

"Na bila sauti yangu koti lako lingekuwa sanda!"

Sikujua akafuta vidole taratibu. "Mnagombania nini? Wote wawili mlicheza ndani ya muda niliouweka mimi."

Wakamgeukia pamoja, ilikuwa mara ya mwisho siku hiyo kwa wawili hao kukubaliana. "Wewe ulikuwa shambani unapalilia maharage!"

"Ndiyo. Nilimwokoa nikiwa napalilia. Ninyi mlihitaji kuwepo."

"Halafu hebu tuseme ukweli," Riziki akasema, na sasa alikuwa ameinuka. "Nani atamwita mwanawe Tabu? Amengoja miaka minane, halafu asubuhi anaita, 'Tabu, njoo kwa mama!' Si ataogopa hata kumwita?"

"Afadhali Tabu kuliko Sikujua," Tabu akajibu, mkono kiunoni. "Siku ya kwanza shuleni: 'Mtoto, jina lako nani?' 'Sikujua.' 'Jina lako mwenyewe hukujua? Kalete fimbo!'"

"Kwa hiyo mnaona wenyewe," Riziki akacheka. "Jina zuri ni moja tu hapa."

"Riziki?" Sikujua akasema. "Mtaa mzima umejaa akina Riziki ambao hata chai ya asubuhi hawajaiona."

Siku iliyofuata zilikuja sahani tatu.

Wivu ni mdudu anayeanza na jambo la kweli. Kila mmoja alisema kweli juu ya kazi yake. Kisha, ili kazi yake ionekane kubwa, akaanza kusema kweli juu ya makosa ya mwenzake. Riziki akawakumbusha watu kwamba Tabu alikuwa amesikia mkwaruzo katika namba saba tangu chai ya asubuhi ya Ijumaa ile, akauandika kitabuni, akaona utangoja hadi mchana. Tabu akawakumbusha watu kwamba ufunguo haukuruka wenyewe ukutani. Ni Riziki aliyeutoa, akijua kabati ni hai, lina umeme ndani. Na wote wawili wakawakumbusha watu kwamba Sikujua alijua zamani jinsi rilei inavyoweza kuchelewa, na hakuwahi kufungua mdomo kumfundisha hata fundi mmoja kwa nini asifungue kabati hai. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililomponya mtu.

Msimu ukaisha. Kiwanda kikalala. Makunga akapona, vidole vikakubali tena kushika bisibisi. Na siku saba kabla ya vinu kuwashwa upya, Zuwena akajifungua mtoto wa kike, mwenye nywele nyingi na sauti ya king'ora.

"Bi mkwe," Zuwena akamwambia mama yake Makunga, "nimekwama. Nilisema neno mbele yao, na walilisikia."

"Mpe jina la marehemu bibi yake, mambo yaishe," mama mkwe akasema.

"Nikifanya hivyo nitakuwa nimewanyima watu watatu badala ya wawili."

"Mpe yote matatu."

"Jina lake ni moja, mama. La pili ni la baba, la tatu ni la babu. Hata nikiyapanga, lipi litatangulia? Lipi nitaliita akiwa anaanguka?"

Makunga akajaribu kuchekesha. "Mwite Natazama. Ndilo lililotufikisha hapa."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Kwa sababu Jumamosi hiyo, siku moja kabla ya mtoto kutolewa nje, Makunga alikuwa amepita kiwandani kujiandaa kurudi kazini, na alirudi nyumbani na habari mbaya. Zuwena akamwuliza ameona nini, akasema.

"Nimepita kwa Sikujua. Amepima rilei kumi na moja. Imebaki moja, ya namba saba. Nikamwuliza, utaimaliza lini? Akasema, 'Nikijisikia, kaka. Si ni kazi isiyoonekana?'"

Zuwena akamhamishia mtoto bega la pili.

"Nimepita kwa Riziki. Godoro jipya limekuja, kofia yake haikai vizuri, pana mwanya shingoni. Sindano iko mezani, haina uzi. Akaniambia, 'Sauti si itakulinda? Vaa sauti.'"

"Na Tabu?"

Makunga akaligusa sikio lake zima. "Leo wamejaribu mtambo, wamepeleka umeme kwenye makabati. Mimi kwa sikio hili moja nimesikia kitu. Nikamtazama Tabu pale dirishani. Kasikia, Zuwena, nimemwona amesikia. Akafunga dirisha. Nilipomfuata akaniambia, 'Siku hizi sipigi kelele, kaka. Mimi si kuku.'"

"Si usirudi, basi. Au namba saba ipigwe kufuli."

"Nimemwambia msimamizi. Amesema Jumatatu lazima vinu visage, na namba saba ikisumbua ifunguliwe hivyohivyo. Na kama si mimi nitakayefungua, atafungua mtoto wa mtu mwingine."

Jumapili ikafika. Uwanja ukafagiliwa, mkeka ukatandikwa, majirani wakajaa. Wa kwanza kufika alikuwa Tabu, na kitenge cha njano mikononi. Nyuma yake Riziki, na shuka dogo alilolishona mwenyewe, mshono mdogo kama mchanga. Nyuma yake Sikujua, na blanketi jeupe, amelikunja na kulikunjua mara tisa njiani. Wakasimama mbele ya mlango, bega kwa bega, bila kutazamana, kila mmoja amenyoosha mikono.

Zuwena akatoka na mtoto. Akamtazama Tabu, mwenye mikono iliyokosa mtoto miaka mingi. Akamtazama Riziki, ambaye midomo yake tayari ilikuwa inatamka jina lake mwenyewe. Akamtazama Sikujua, aliyejaribu kutotazama. Akajua kwamba mmoja alimpa mumewe nguo, mmoja alimpa hatua mbili, na mmoja alimpa muda. Na kwamba kesho mumewe ataomba vyote vitatu tena. Akimpa jina mmoja, mmoja atarudi kazini kwa furaha, na wawili watarudi na kinyongo. Na mmoja hatoshi. Mkaguzi alikwisha kusema.

"Zuwena, jua linampiga mtoto," mama mkwe akanong'ona nyuma yake.

Zuwena akavuta pumzi.

Mimi namwacha hapo, mlangoni, mdomo wazi, mtoto mikononi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi king'ora kitalia. Namba saba ina sauti ndani yake, godoro lina mwanya shingoni, rilei haijapimwa, na Makunga ana ufunguo wa kwenda kuchukua.

Sasa mliozuia majibu midomoni, yaacheni yatoke. Mlangoni pale, ungekuwa wewe ndiye Zuwena, watu watatu wamekunyooshea mikono na neno lako ni "aliyemwokoa": ungemweka mtoto mikononi mwa nani, na ungemwita nani?